Mguu Ukianza Kuwaka, Usingoje Maji Yapwe

Mtu wa Mombasa akiamka usiku wa manane na mguu umevimba, ataita tuktuk. Mtu wa Kizingitini au Siyu, huku kwetu visiwa vya Lamu, lazima kwanza aulize maji yako wapi. Yakipwa, kuna bandari zetu ambazo chombo hakitoki mpaka yajae tena, na toka kupwa hadi kujaa ni saa sita na dakika kadhaa. Ukiongeza upepo wa kusi, giza, bei ya mafuta ya boti na kumtafuta nahodha aliye tayari, usiku umekwisha. Kwa hiyo mtu akiniuliza ni wakati gani maambukizi ya ngozi yanahitaji daktari bingwa, huwa nampa jibu la vitabu, kisha namwongezea la visiwani: amua mapema, wakati maji bado yapo.

Mimi ni muuguzi. Sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa chumba cha vidonda, mahali ambapo wakata mikoko, wavuvi, mafundi wa kuchonga milango, wenye punda na watoto wa madrasa hukutana kwenye benchi moja. Wengi hupona wakarudi kwenye shughuli zao. Wanaoniumiza moyo ni wachache waliofika wamechelewa, na karibu wote walikuwa wametulizwa nyumbani na mtu anayewapenda: "Ni jipu tu hilo, litaiva, litapasuka lenyewe." Mara nyingi maneno hayo ni ya kweli. Naandika kwa ajili ya siku ambayo si ya kweli.

Nianze na yasiyohitaji bingwa, maana sitaki mtu auze mbuzi wake kwa sababu ya kipele. Jipu dogo la pajani au mgongoni, kwa mtu mzima asiye na maradhi mengine wala homa, linatunzwa nyumbani. Chovya kitambaa safi kwenye maji ya moto ya kuvumilika, ulikande kwa dakika kumi au kumi na tano, mara tatu au nne kwa siku. Usilikamue. Likipasuka lifunike, na taulo ya mgonjwa isitumiwe na mwingine. Vile vidonda vya watoto vinavyoanza kama malengelenge puani na pembeni mwa mdomo, kisha vikafanya ukoko wa rangi ya asali, zahanati inavimudu. Jipu likiwa kubwa, ukiligusa unahisi majimaji yanacheza ndani, hilo ni la kupasuliwa, na afisa wa kliniki mwenye uzoefu hulipasua kwa ganzi na vifaa vilivyochemshwa. Hapo vidonge peke yake havitoshi. Usaha umejizungushia ukuta, na damu inayobeba dawa haifiki katikati. Ndiyo maana mtu humaliza dozi nzima na jipu likabaki pale pale.

Kiwembe cha nyumbani kikae mbali. Kukamua nako husukuma vijidudu ndani zaidi, na ubaya wake ni mkubwa zaidi puani na juu ya mdomo wa juu, kwa kuwa mishipa ya damu ya sehemu hiyo imeungana na ile ya ndani ya kichwa. Nimeona vijana wakikamua chunusi ya puani mbele ya kioo bila kujua wanachezea nini.

Wahusika wakuu wa maradhi haya ni bakteria wa aina mbili, stafilokokasi na streptokokasi. Karibu mtu mmoja kati ya watatu hubeba stafilokokasi ndani ya pua bila kuumwa chochote. Nalisema hili kwa makusudi, kwa sababu aibu inachelewesha watu. Mwanamke mwenye jipu la kinena hukaa nalo siku nyingi akiogopa kuambiwa hajui kujitunza. Hakuna uchafu hapo. Kijidudu kilikuwepo juu ya ngozi, kikapata mlango: mchubuko wa kunyoa, ukucha, jasho, mwiba.

Kuna jambo jingine linalotuchelewesha ambalo si kosa letu. Vitabu vingi vya tiba viliandikwa na watu waliokuwa wakitazama ngozi nyeupe, ndiyo maana kila mahali utasoma "wekundu". Ngozi nyeusi iliyoambukizwa mara nyingi haionekani nyekundu. Inageuka zambarau au nyeusi zaidi, au inang'aa tu kwa sababu imevutika. Ukingoja wekundu unaweza kungoja mpaka mgonjwa azidiwe. Kwa hiyo tumia mgongo wa mkono wako. Anzia mahali palipo pazima, uteleze polepole kuelekea kwenye uvimbe, na utaupata ukingo: joto linapoanza, ngozi inapokuwa ngumu, mgonjwa anaposhtuka kwa maumivu. Hapo chora mstari kwa kalamu, uzungushe wote, na pembeni yake uandike saa.

Mara moja nilikuwa Faza kwa mazishi ya jamaa yetu. Baada ya alasiri nikaitwa nyumba ya pili nimwangalie mzee mmoja, mvuvi, aliyekuwa akiishi na kisukari.

"Ami, mguu huu tangu lini?"

"Tangu juzi, mwanangu. Ni kukatwa na chaza tu nikivuta dau. Kidonda chenyewe kimekauka."

Na kweli kilikuwa kimekauka, mkato mdogo katikati ya vidole, mtu angeupita bila kuuona. Lakini ngozi ya mundi ilikuwa inang'aa kama imepakwa mafuta. Nilipopitisha mgongo wa mkono, joto lilianzia chini ya goti kwa upana wa kiganja. Binti yake akaniletea kalamu ya mjukuu wa shule, tukachora, tukaandika saa kumi na nusu. Alipotia udhu wa magharibi joto lilikuwa limeuvuka mstari kwa vidole viwili. Kinenani alikuwa na mtoki unaouma. Kisha akaanza kutetemeka, kanga tatu juu yake na bado meno yanagongana.

Mwanawe wa kiume alitaka wangoje maji ya asubuhi. Alikuwa na sababu zake, na zote zilikuwa za maana: giza, upepo, pesa za mafuta. Nikamwonyesha mstari. Sikuwa na haja ya kusema mengi, mguu wenyewe ulikuwa umeandikwa. Waliondoka kabla ya isha, maji yakiwa bado yanatosha. Hospitali walikuta sukari iko juu sana, wakamtundikia dripu, na daktari wa upasuaji akafungua unyayo na kutoa usaha uliokuwa umejificha kwa ndani, mahali ambapo kwa nje hapakuonyesha kitu. Ami alipoteza kidole kimoja. Mguu anao, na anautembelea.

Mwenye kisukari akivimba mguu, kwangu mimi hakuna kungoja. Sukari ikikaa juu kwa miaka huua hisia za nyayo, kwa hiyo anaweza kutembea na kidonda kinachooza na asihisi kitu. Maumivu, yule mlinzi tunayemtegemea, kwake yamelala. Katika kundi hilo wamo pia wenye kinga iliyoshuka, wanaotumia dawa za saratani au vidonge vya steroidi, wenye maradhi ya ini au figo, wazee sana na watoto wachanga. Mtoto mchanga ambaye ngozi imevimba na kupata joto kuzunguka kitovu ni wa hospitali saa hiyo hiyo, hata kama bado ananyonya.

Kwa mtu mwingine yeyote, hizi ndizo dalili zinazonifanya niseme twendeni sasa. Maumivu makali kupita kile unachokiona kwa macho. Ngozi inayogeuka zambarau iliyokolea au nyeusi, au inayotoa malengelenge yenye maji ya damu. Ngozi iliyokuwa inauma sana kisha ghafla ikafa ganzi. Ukiibonyeza unahisi chembechembe zikipasuka ndani, maana kuna hewa. Mgonjwa anahema haraka, moyo unakwenda mbio, anachanganya maneno, au hakojoi. Hapo huenda maambukizi yameshuka hadi kwenye utando unaofunika misuli, na yanasambaa kwa saa, hayangojei siku. Tiba yake ni kisu cha daktari wa upasuaji pamoja na dawa za mshipa, na kila saa inayopotea inachukua nyama. Mgonjwa huyu asipitishwe duka la dawa wala kwa fundi wa kuchua, na asikandwe kwa kitu chochote cha moto. Nimewasikia wazee wakisema uvimbe unaotambaa haupigwi sindano. Nawaheshimu, na nawaomba kwa unyenyekevu wote waliache neno hilo, kwa sababu mgonjwa huyu ndiye anayeihitaji sindano kuliko wote.

Sasa sehemu za mwili. Watu hudhani ukubwa wa kidonda ndio unaopima hatari, kumbe mahali kilipo ni muhimu vilevile. Mfano wangu wa kila siku ni kidole cha mvuvi. Ndoana imemchoma upande wa kiganja, tundu dogo, akalinyonya damu akaendelea na kazi. Baada ya siku moja au mbili kidole kizima kimevimba sawasawa toka shina hadi ncha, amekikunja kidogo kwa sababu ndivyo kinavyopumzika, kinauma ukibonyeza mstari wa kano upande wa ndani, na ukijaribu kukinyoosha kwa upole anaruka. Dalili hizo nne alizieleza daktari wa upasuaji wa Chicago, Allen Kanavel, mwanzoni mwa karne ya 20, na mpaka leo madaktari wanazitumia. Maana yake usaha uko ndani ya ala ya kano, ule mfuko mwembamba unaoizunguka. Kuna nafasi finyu mno humo, na kano inaweza kufa. Kwa mtu anayevuta jarife, kidole kisichokunjika ni riziki iliyokatika. Huyu anahitaji daktari wa upasuaji siku hiyo hiyo, na kidonge cha kumeza nyumbani kisimpe mtu matumaini.

Jicho nalo. Kope iliyovimba asubuhi kwa kuumwa na mdudu hutokea sana. Lakini uvimbe wenye joto na homa, jicho likauma linapogeuka kushoto na kulia, likatokeza mbele, au mtoto akasema anaona vitu viwiliviwili, maambukizi yameingia nyuma ya jicho. Hapo kuna hatari ya kupofuka, na kwa ndani zaidi kuna ubongo. Goti au kiwiko kilichovimba, chenye joto, mtu hawezi kukikunja kabisa: kiungo kinaweza kuharibika kwa siku chache. Ziwa la mama anayenyonyesha likiwa na donge lisilolainika baada ya siku mbili za dawa, apigwe picha ya mawimbi ya sauti, ile ya ultrasound. Jipu la karibu na haja kubwa usiliguse, ni la daktari wa upasuaji.

Kwa akina mama wenye watoto wa vidonda vya ukoko nina ombi moja. Vidonda vikishapona, endeleeni kutazama mkojo na uso wa mtoto kwa wiki kadhaa. Baadhi ya streptokokasi za ngozi huacha madhara kwenye figo, na hujitokeza wiki moja hadi sita baadaye, wakati kila mtu amesahau. Uso unavimba asubuhi, mkojo unakuwa mchache na wa rangi ya chai ya rangi iliyokolea au ya soda ya koka. Daktari hawezi kuyaunganisha mambo hayo mawili usipomtajia vile vidonda.

Bahari yetu tunaipenda na wengi wetu tumelelewa tukiambiwa maji yake ni dawa ya kidonda. Maji ya gatini, mahali vyombo vinapofunga na mitaro ya mji inapomwagika, si dawa. Hata maji safi ya nje, yakiwa ya joto kama yetu, yana vijidudu vyake. Kimoja kinaitwa Vibrio vulnificus, na kwa mtu mwenye ugonjwa wa ini kinaweza kugeuza mchubuko kuwa hatari ndani ya siku moja. Kuna kingine kinachowapata wanaoparua samaki, kinachofanya kidole kiwe zambarau na kuwasha kwa maumivu, kikisambaa polepole. Na kuna ndugu wa kijidudu cha kifua kikuu anayeishi majini, anayeleta vinundu vinavyopanda mkono taratibu kwa wiki na miezi, visivyosikia dawa za kawaida. Tiba zake ni tofauti. Kwa hiyo neno "nilikatwa baharini" au "nilichomwa na mwiba wa samaki" liwe la kwanza kumwambia daktari. Na kama kidonda kimegusa barabara zetu zenye mavi ya punda, uliza kuhusu sindano ya pepopunda, kwa kuwa mbegu za pepopunda hukaa kwenye kinyesi cha wanyama na udongo. Osha kidonda kwa maji safi yanayotiririka na sabuni, kwa muda mrefu kuliko unavyodhani inatosha. Unga wa kahawa, dawa ya meno na majivu vinaziba kidonda na kumnyima daktari nafasi ya kuona. Hata manjano, niliyonayo jikoni na ninayoipenda, huficha rangi ya ngozi tunayohitaji kuisoma.

Kuhusu rangi mbili za dukani, vile vidonge kama amoksilini. Mtu ananunua vidonge vinne, anameza viwili, vingine anavifungua na kuunyunyiza ule unga juu ya kidonda. Stafilokokasi nyingi zinaivunja amoksilini kabla haijafanya kazi, ndiyo maana daktari huandika kloksasilini au jamaa zake badala yake. Wapo pia stafilokokasi sugu kwa methisilini, dawa ya ukoo wa penisilini, walioripotiwa Uingereza tangu 1961, wanaohitaji dawa nyingine kabisa. Na dozi ina urefu wake. Mwaka 1941 kule Oxford, polisi mmoja, Albert Alexander, aliyekuwa akifa kwa maambukizi yaliyoenea usoni na kichwani, alidungwa penisilini iliyokuwa ndiyo kwanza inajaribiwa. Homa ikashuka, akaanza kula. Dawa ilikuwa chache mno hata waliichuja kutoka kwenye mkojo wake wamrudishie. Ikaisha. Maradhi yakarudi, akafa mwezi Machi. Yeye alikosa kwa sababu duniani hapakuwa na nyingine. Sisi tunayo, na tunaikatiza njiani kwa sababu ya pesa ya siku tatu. Mtu akikosa pesa ya dozi nzima aseme pale pale kabla ya kuanza, kuna dawa za bei nafuu zinazofaa.

Ukishaanza dawa sahihi, usishangae mstari ukivukwa kidogo siku ya kwanza. Homa inapaswa kuanza kushuka na maumivu kupungua ndani ya siku mbili. Yasipopungua, rudi, na usikubali kuongezewa tu siku za dawa ile ile bila mtu kutafuta kama kuna usaha uliojificha, mfupa ulioguswa, au kipande cha mwiba kilichobaki.

Yapo yanayohitaji bingwa bila haraka ya usiku. Majipu yanayorudi kila baada ya muda yanataka kipimo cha sukari na cha kinga, na kuangaliwa pua za watu wa nyumba nzima. Yanayorudi kwapani na kinenani kwa miaka, yakiacha makovu na vijitundu vinavyounganika chini ya ngozi, mara nyingi si maambukizi ya kawaida hata kidogo. Huo ni ugonjwa wake, na daktari wa ngozi ana tiba zake. Kidonda kisichofunga baada ya wiki kadhaa kikatwe kipande kidogo kipimwe. Na baka lililofifia rangi, ukiligusa kwa ncha ya pamba mtu hahisi, lipelekwe kupimwa ukoma, ambao pia ni wa bakteria. Dawa zake hutolewa bure, na unapona kabisa.

Ukifika hospitali kuu ya King Fahd mjini Lamu, au ukipewa rufaa ya Mombasa, safari ya barabara ya Mokowe na Garsen haiamuliwi usiku kwa urahisi, kwa hiyo uliza mapema: je, hapa yupo daktari wa upasuaji leo, na kama hayupo, uamuzi wa kumsafirisha utafanywa saa ngapi? Beba maganda ya dawa zote alizomeza, hata zile za dukani. Piga picha ya mguu kila asubuhi, na mstari wake uonekane.

Na kitu kimoja cha mwisho, kinachopotea mno kwetu. Usaha ukichukuliwa kupelekwa maabara kuoteshwa, majibu hutoka baada ya siku mbili au tatu, na ndiyo yanayosema dawa gani inamuua kijidudu huyo. Mgonjwa wa kisiwani huwa amesharudi Ndau au Kizingitini, na karatasi inabaki mezani. Kabla hujapanda mashua, andika namba yako ya simu kwenye fomu, chukua jina la idara na namba ya sampuli, na umpe kazi hiyo jamaa anayeishi mjini akafuate majibu kwa miguu yake.